Mengineyo

Ajenda ya kwanza, kufungua kikao: saa tano kasoro dakika kumi.
Barua ilisema saa tatu.
Niliandika saa tatu. Ndivyo tunavyoandika.

Ya pili, kusoma muhtasari uliopita.
Ya tatu, yatokanayo.
Hakuna lililotokana, tukapita.
Diwani alimshukuru mgeni, mgeni akamshukuru diwani,
maji ya chupa yakagawiwa meza kuu,
chupa kumi na mbili, vifuniko vya bluu,
na watu wa mlimani wakazitazama zikifunguliwa
moja moja, trr, trr,
kama watoto wanavyomtazama mgonjwa akila mkate wa siagi.

Mimi ndiye karani wa kata. Kazi yangu ni kupunguza.
Mtu akisema robo saa, naandika mstari.
Akilia, naandika "alisisitiza".
Akitukana, "aliomba ufafanuzi".
Mwaka wa kumi na moja huu nayakamua maneno ya Igogo
mpaka yakauke, yaingie kwenye faili.

Tulipofika ajenda ya saba, Mengineyo,
mgeni alikuwa ameshatazama saa mara mbili.
Hapo akasimama Limi Bukindu
wa kule juu kabisa, nyuma ya jiwe lililopasuka,
ambako ukifungua mlango wa choo
unaliona ziwa lote, kuanzia feri ya Kamanga
mpaka linapogeuka mbingu.

Hakushika kipaza sauti.
Alifungua khanga, akatoa mita.
Mita ya maji, ya shaba, na namba yake,
bado ina udongo wa ukutani.
Akaiweka juu ya kitambaa, katikati ya chupa.

"Mama, hiyo ni mali ya mamlaka."
"Ndiyo maana nimewarudishia."
Watu wakacheka. Sikuandika kicheko.

"Kwetu maji yanapanda Alhamisi, usiku wa manane,
yakipenda. Kabla hayajafika
bomba linakohoa, na hii hapa inazunguka.
Inahesabu kikohozi.
Mwezi wa tano nilijaza ndoo nane.
Bili ikaja elfu ishirini na tatu.
Nikajiuliza, Limi, umekunywa nini?"

Kisha akainama, akaweka mdomo, akapuliza.

Ukumbi wote, na feni yake mbovu, na viti vya kukodi,
ukasikia kigurudumu kikilia
ti-ti-ti-ti,
kishale chekundu kikaanza kukimbia.
Ana mapafu ya mtu anayepanda mawe na dumu kichwani.
Alipuliza mpaka mshipa wa shingo ukasimama.
"Soma," akamwambia afisa wa maji.
Afisa hakusoma.
Nkwabi, yule kijana wa kuchomelea, akasogea:
"Lita nne."
"Basi niandikieni. Nazo nitalipa."
Akaketi.

Mgeni akasema changamoto imepokelewa.
Diwani akasema mchakato unaendelea.
Mtu wa nyuma akasema neno la Kisukuma
ambalo sina Kiswahili chake, na ningekuwa nacho
ningeandika "aliomba ufafanuzi".

Jumatatu nikapeleka rasimu kwa mtendaji.
Nilikuwa nimeandika: Mama mmoja alipuliza mita, ikasoma lita nne.
Akachomoa kalamu mfukoni mwangu,
akaukata mstari taratibu, kama mtu anayekata kucha za mtoto,
juu yake akaandika:
Wananchi walipongeza jitihada.

Nikachapa. Nikagonga muhuri.
Mita iko kabatini, pamoja na vikombe vya mpira.

Sikusema kikaoni kwamba mimi pia nakaa kule,
nyumba ya tatu chini ya Limi.
Alhamisi nililala na nguo, ndoo mlangoni.
Saa nane bomba likakohoa.
Nikatoka na tochi ya simu, nikachuchumaa ukutani:
kishale kinakimbia, bomba kavu.
Juu kwa Limi, ambako sasa hakuna mita,
hewa ilikuwa inatoka bure,
inapiga mluzi kwenye tundu la ukuta,
na ndoo yake chini, imekaa, inasikiliza.

Nikahesabu mizunguko. Karatasi sikuwa nayo.
Nikaandika nyuma ya kiganja, kwa kalamu ya kata.